Mikunjo ya Mkono wa Kushoto

Sehemu ya tisa

Tulimwacha Su-chin ameinua kifuko cha kwanza kwa vijiti, mchuzi wa moto unachezacheza ndani ya unga mwembamba, na macho yamemtoka pima. Tangu wiki iliyopita mnaniandikia mkiuliza kaona nini hata akasahau kula. Kaona mikunjo. Ilikuwa inazunguka kushoto.

Mezani walikuwa watu sita na watano walishaanza kula. Kwao kifuko ni nyama ya nguruwe na mchuzi wake, unatoboa, unafyonza, unachovya kwenye siki yenye tangawizi, kwisha habari. Hakuna anayekagua kimekunjwaje.

Lakini Su-chin aliuza vifuko vya nyama miaka ishirini kwenye kibanda cha mtaani Yungho, na anajua mkono wa kulia hukunja kuelekea wapi. Anajua pia sheria za mkahawa huu, ambao watu wa Taipei huusimamia foleni kwa saa mbili barabarani na karatasi ya namba mkononi. Kifuko kikizidi uzito kinatupwa. Kikikunjwa upande usio wake kinatupwa. Kapu zima la vifuko kumi vya kushoto lisingefika mezani hivihivi.

Akahesabu mikunjo. Kumi na tisa. Wenzake wote wa kazi hii hukunja kumi na minane, na huo wa kumi na tisa ulikuwa umebinywa kwa kidole gumba, kama mtu anayefunga mdomo wa gunia.

Duniani alimjua mtu mmoja tu aliyekunja hivyo. Ni Liao Kun-sheng, mumewe wa mkono wa kushoto, baba wa binti yake Wan-ju. Naye alikufa miaka kumi na mmoja iliyopita siku ya kimbunga, gari lake la unga likakutwa limebiruka mtoni na mwili haukuonekana. Kibao chake cha marehemu kiko sebuleni kwa Su-chin. Kila asubuhi anamwashia udi, kila sikukuu anamtengea bakuli la wali, na kila mwaka anamchomea nguo za karatasi na viatu asije akatembea peku huko aliko.

"Mama Wan-ju, mbona huli?" Aliyeuliza ni Bi. Kang, mama wa bwana harusi. "Au maneno yangu yamekukaba?"

Maneno yenyewe nawakumbusha, maana ndiyo yaliyowaleta hapa Jumapili mchana. Wan-ju anaolewa na Chun-yen, mtoto wa pekee wa Bi. Kang. Siku ya harusi, kabla binti hajatoka kwao, mama yake humshushia shela usoni. Ndiyo kazi ya mwisho ya mama. Su-chin aliisubiri kazi hiyo tangu mtoto akiwa wa kubebwa mgongoni pale kibandani, mvuke ukiwapiga usoni wote wawili.

Bi. Kang hataki. Mjane, anasema, hagusi kichwa cha bibi harusi, atamwambukiza ujane. Kwa hiyo amekuja na mtu wake, mwanamke wa bahati kamili, kama mila inavyotaka. Wazazi wake wote wako hai, mume yuko hai, ana mtoto wa kiume na wa kike. Mwanamke huyo ni Bi. Tsai, mama mnene kidogo wa miaka arobaini na kitu, mpole, mwenye pete ya jiwe la kijani. Ndiye aliyepiga simu moja wakapata meza bila foleni.

"Mimi simbagui mtu," Bi. Kang aliendelea, huku akimwongezea Bi. Tsai kifuko. "Ila shela ni shela. Siku hiyo wewe utakaa chumba cha ndani, mlango umefungwa, mpaka gari la bibi harusi liondoke. Hata kumpungia mkono hapana."

"Mkono huu ndio uliomlea," Su-chin akasema.

"Tunaushukuru. Lakini huohuo ndio uliozika mume."

Wan-ju akaweka vijiti chini. Alisema kama mama yake hashushi shela, basi yeye hatoki nyumbani. Bi. Kang hata hakumtazama. Alimgeukia mwanawe na kumwambia taratibu kwamba kama ni hivyo harusi iahirishwe, mtoto anaye mmoja na hakumzaa ili azikwe mapema. Chun-yen akainamisha kichwa juu ya bakuli lake. Kijana mzuri, lakini mbele ya mama yake anakuwa hamnazo.

Su-chin alimtazama mama mkwe wake, mama yake Kun-sheng, bibi kizee wa miaka themanini na minne aliyekuwa amekaa ubavuni pake. Alitegemea walau neno moja. Bibi alikuwa anatafuna tango kwa meno yake matano, macho yako mezani. Jana aliposikia jina la mkahawa alisema tumbo linamsokota, haji. Wan-ju ndiye aliyembembeleza mpaka akavaa viatu. Na tangu waketi hajamtazama Bi. Tsai hata mara moja.

"Nanawa mikono, nakuja," Su-chin akasema.

Akaondoka na kijiko cha kaure, na ndani ya kijiko kile kifuko.

Jiko la mkahawa liko nyuma ya kioo kikubwa karibu na mlango, wateja waone kwamba hakuna kinachofichwa. Watu kumi na wawili wamevaa nyeupe, kofia nyeupe na barakoa hadi chini ya macho. Nami niliyewahi kusimama pale nawaambieni, hata kama ni ndugu yako humjui. Huyu anasukuma unga, huyu anapima nyama kwenye mizani, wale wanakunja, na wa mwisho anakagua, anasaidia kukunja kazi ikizidi, na kupanga kapuni.

Su-chin aliwapenya watu waliokuwa wanapiga picha akasimama usoni kabisa pa kioo. Akaangalia mkono mmoja baada ya mwingine. Wa kulia. Wa kulia. Wa kulia. Wote wanakunja upande mmoja kama walioshonwa na uzi mmoja.

Isipokuwa mkaguzi. Mkaguzi hakuwa anafanya kazi. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili na anaitazama meza ya kina Su-chin.

Su-chin akainua kijiko akakibandika kwenye kioo, na kwa kucha akagonga mara moja.

Mtu yule akageuka. Juu ya barakoa, kwenye nyusi ya kushoto, palikuwa na kovu lenye umbo la punje ya mpunga. Kovu lile Su-chin alilijua, alilipaka mafuta ya ufuta kwa mikono yake siku kifuniko cha moto kilipomrukia mumewe pale kibandani. Moyo ulimlipuka paa. Kwa muda wa kuvuta pumzi moja alifurahi, na mimi simlaumu. Yuko hai. Mtoto ana baba. Alitaka kuvunja kile kioo kwa kijiko.

Kisha mtu yule akainua kidole cha shahada, akakiweka juu ya barakoa, pale mdomo unapokuwa. Nyamaza. Akatikisa kichwa polepole, akiomba.

Furaha ikaishia hapohapo.

Mngetegemea azimie, na wanawake wengi wangezimia. Su-chin damu ilimchemka mpaka masikio yakamwuma. Aliikumbuka miaka mitatu ya matanga asiyovaa nyekundu. Aliwakumbuka majirani wa Yungho waliosahau kumwalika harusini, kila mwaka wanasahau, kwa sababu mjane haalikwi. Alikumbuka siku umeme ulipokatika akamshusha mama mkwe ghorofa nne mgongoni, bibi anamkaba shingo, wote wawili wanalia. Alikumbuka viatu vya karatasi. Alivinunua saizi arobaini na mbili, akauliza duka zima kama wana vyenye soli pana, kwa sababu Kun-sheng alikuwa na miguu mipana. Na kumbe miguu yenyewe iko hapa, vituo sita vya treni kutoka nyumbani, imevaa raba nyeupe.

Na anamwambia anyamaze.

Akageuka, akamsimamisha mhudumu wa kwanza aliyepita, msichana mwenye kifaa cha kuongelea sikioni. Kwa upole kabisa alimwonyesha kifuko na kumwambia kwamba kapu la meza ya kumi na saba limekunjwa kinyume. Msichana alikitazama, akabadilika rangi. Kwenye mkahawa ule nywele ndani ya supu ni msiba, na mkunjo usio wake ni msiba wa pili. Sheria yao inajulikana na kila mteja wa siku nyingi: aliyekosea huja mezani mwenyewe, na kapu jipya, kuomba radhi.

"Aje mwenyewe," Su-chin akasema. "Simtaki meneja peke yake."

Akarudi mezani, akaketi, akaweka kijiko mbele yake bila kumwaga tone. Bi. Kang alikuwa ameshafika kwenye rangi ya gauni na idadi ya meza za karamu.

"Bi. Kang," Su-chin akamkatiza. "Nikuulize kitu kimoja. Kama mume wangu angekuwa hai, shela ningeshusha mimi?"

"Angekuwa hai, nani angekuzuia?"

"Rudia. Kila mtu asikie."

Bi. Kang alimpandisha akamshusha. Alidhani mwanamke huyu kashindwa na sasa anataka kufarijiwa. Akalegeza sauti, akasema mbele ya wote, na ya mwanawe, kwamba kama Bwana Liao angekuwa hai leo, mama Wan-ju angeshusha shela kwa mikono yake na yeye Bi. Kang angempigia makofi. Bi. Tsai naye, kwa roho yake nzuri, akaongeza kwamba hata yeye anaona haya kufanya kazi ya mama wa mtu, ila basi tu kaombwa.

Bibi kizee aliacha kutafuna.

"Mama, una nini?" Wan-ju akamnong'oneza mama yake. "Umekuwa mweupe."

Su-chin alimshika mkono chini ya meza, akaubana. Mtoto alikuwa na miaka kumi na mitano siku gari lilipokutwa mtoni, na kwa wiki mbili alikwenda ukingoni kila siku kabla ya shule kumwita baba yake.

Wakaja. Meneja mbele, tai shingoni, anainama kabla hata hajafika. Nyuma yake mtu wa jikoni na kapu linalofuka mvuke, kofia mpaka kwenye nyusi, barakoa mpaka chini ya macho, kibandiko cha jina kifuani kimeandikwa Ho. Meneja akaomba radhi, akasema fundi Ho ana miaka tisa hapa na hajawahi kukosea. Fundi Ho akainama, akabaki ameinama.

"Toa barakoa," Su-chin akasema. "Radhi haiombwi kwa mdomo uliozibwa."

Meneja alianza kueleza habari za usafi. Su-chin hakumsikiliza. Mtu yule alisimama wima, macho yakampita Su-chin, yakampita Wan-ju haraka kama yameungua, yakatua kwa bibi kizee. Bibi akafumba yake.

Akashusha barakoa.

Vijiti vya Wan-ju vilianguka sakafuni, kimoja, kisha cha pili. Baba yake amezeeka, mashavu yameingia ndani, lakini nani anasahau uso alioulilia mtoni wiki mbili?

Su-chin alikuwa ameshavuta pumzi. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi: Bi. Kang, mume wangu huyu hapa, sasa nipigie makofi. Lakini kuna mtu alimtangulia.

"Jamani, ni wewe?" Bi. Tsai alikuwa amesimama, anatabasamu, mkono uko begani kwa fundi. "Baba watoto, leo umekosea nini tena? Bi. Kang, huyu ndiye mume wangu niliyekuwa nakusimulia. Ndiye aliyetupatia meza."

Na Su-chin aliona kwamba mwanamke yule haigizi. Hakujua kitu. Miaka yote hiyo amelala kitanda kimoja na mtu aliyewekewa udi kila asubuhi Yungho, na hakujua kitu.

Bi. Kang alitazama kutoka kwa Bi. Tsai hadi kwa Su-chin. Mwanamke wake wa bahati kamili amekuja na bahati ya mtu mwingine.

"Miaka yote umekunja kulia wasikutambue," Su-chin alimwambia mumewe, sauti chini kabisa. "Leo umepatwa na nini?"

Kun-sheng akaitazama mikono yake. "Nilimwona Wan-ju anaingia. Mikono ikajisahau."

"Mikono ilimkumbuka mtoto. Wewe ulikuwa wapi?"

"Fundi Ho," meneja akasema, "hawa ni nani?"

"Huyo anaitwa Liao," Su-chin akajibu. "Muulize kwa nini kaja kwako na jina lisilo lake."

Bi. Tsai aliondoa mkono begani kwa mumewe. Aliutazama ule mkono, kisha akaanza kuivua ile pete ya jiwe la kijani, inamkwama kwenye kiungo cha kidole, anaivuta, haitoki. Alimwuliza Su-chin, kwa adabu ya ajabu, kama alikuwa na uhakika. Su-chin alimwambia aangalie kovu la nyusi, lina mafuta yake ya ufuta. Wala hakumchukia. Hasira yote ilikuwa na mwenyewe wake na hakutaka kuimwaga pembeni.

Akavuta bakuli lake la wali ambalo hakuwa ameligusa. Akalisukuma katikati ya meza mpaka mbele ya Kun-sheng. Akachukua vijiti vyake, akavisimamisha viwili pamoja, na mbele ya watu wote wa meza ya kumi na saba na za jirani, akavichomeka wima katikati ya wali.

Bi. Kang alitoa sauti kama kachomwa sindano, akaziba macho ya mwanawe mtu mzima kwa kiganja. Bibi mmoja wa meza ya pili alisimama akahama kabisa. Hakuna mtu Taipei asiyejua wali wa namna ile ni wa nani. Ni wa maiti.

"Keti ule, Kun-sheng," Su-chin akasema. "Ndivyo nilivyokulisha miaka kumi na mmoja. Hujawahi kulalamika."

Mtu yule hakuketi. Machozi yalikuwa yanamtiririka na Su-chin aliyaona kama maji ya kuoshea vyombo. Alikuwa na jingine la kusema, tena lililo baya zaidi, la kumwambia achague pale pale, arudi kuwa hai ili mama amshushie mtoto wake shela, au abaki mfu na asionekane tena. Hakuwahi kulisema.

Mkono wenye mikunjo mingi kuliko kifuko chochote ulinyooka kutoka ubavuni pake. Bibi kizee, ambaye miaka yote kumi na mmoja hakuwahi kuwasha udi mbele ya kibao cha mwanawe, na kila mtu akadhani ni mila, kwamba mzazi hampigii magoti mtoto, alivichomoa vijiti kutoka kwenye wali. Akavifuta kwa kitambaa, kimoja kimoja. Akavilaza mezani, ncha zikielekea kwa Su-chin.

"Usimlishe mwanangu chakula cha wafu, mkwe wangu," akasema. "Nikasirikie mimi. Gari la unga lilisukumwa mtoni likiwa tupu, na mimi ndiye niliyemwambia alisukume."

Wan-ju akasimama.